Somo: Mlete mtoto kwa tabibu wa meno siku ambayo haumwi

Wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi, habari za leo. Wengi mkinikuta sokoni mnaniuliza, mimi tabibu wa meno, habari za meno ya watoto mkiwa mmesimama na vikapu, nami najibu mbiombio. Leo nimekaa, niandike kwa mpangilio.

Naanza na mtoto wa miaka minne aliyeletwa kwangu asubuhi moja akiwa mgongoni kwa mama yake. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba mpaka jicho limebaki mstari. Walitoka upande wa Nanguruwe kwa bodaboda kabla hapajapambazuka, mama amemfunika kanga kichwani. Kila nikisogea, mtoto anaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa hajawahi kuona kiti cha meno, na siku anakiona ana jipu, hajalala siku mbili, hajala. Tulimtibu, akapona. Lakini mwaka uliofuata mama alipomrudisha aangaliwe tu, mtoto alianza kulia tangu getini.

Sipendi mtoto mwingine afike kwangu namna ile. Tufuatane hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: kabla jino halijaota

Chukua kitambaa safi cha pamba, kilowe maji yaliyochemshwa yakapoa, ukizungushe kwenye kidole cha shahada, kisha mfute mtoto fizi taratibu mara moja kwa siku, hasa jioni. Lengo kubwa hapa ni mtoto azoee kidole chako mdomoni. Mtoto aliyezoea kidole akiwa na miezi minne hapigani na mswaki akiwa na mwaka mmoja.

Hatua ya pili: jino la kwanza

Wengi huota jino la kwanza wakiwa na miezi sita hivi, kwa kawaida la chini mbele. Wengine huwahi, wengine hufikisha hata mwaka, na huo si ugonjwa. Akitimiza miaka mitatu huwa na meno yote 20 ya utoto. Kuota jino humfanya mtoto adondoshe mate, atafune kila kitu na asumbue usiku. Homa kali na kuharisha sana visisingiziwe jino, mpeleke zahanati.

Jino likionekana tu, hata ncha yake, mswaki unaanza. Nunua wa kitoto, kichwa kidogo, nyuzi laini. Dawa ya meno iwe na madini ya floraidi. Angalia kwenye boksi, kipimo cha ppm (sehemu za floraidi kwa kila milioni) kisipungue 1000. Chini ya miaka mitatu paka dawa kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya mbaazi, na mbaazi huku kwetu hakuna asiyeijua. Yale matangazo yanayoonyesha dawa imejaa mswaki mzima si kipimo cha mtoto.

Piga mswaki mara mbili kwa siku, na wa usiku ndio usiokosa kamwe. Usingizini mate hupungua, na mate ndiyo yanayolinda meno. Baada ya mswaki wa usiku, maji tu. Anayejua kutema ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki kwenye meno.

Sasa namna ya kumshika, maana hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Kaa chini kwenye mkeka, nyoosha miguu. Mlaze mtoto chali katikati ya mapaja yako, kichwa kikiwa karibu na tumbo lako, macho yake yakitazama yako. Kidole cha mkono wa kushoto kivute shavu pembeni, mkono wa kulia ushike mswaki. Anza na magego ya nyuma, umalizie mbele, kwa miduara midogo pale jino linapokutana na ufizi. Mwimbie chochote. Kama umeme umekatika, mtu mwingine ashike tochi ya simu.

Na kazi hii ni yako mzazi, mpaka afike miaka saba au nane. Kumpa mtoto wa miaka mitatu mswaki akapige mwenyewe uani ni kumpa kitu cha kutafuna.

Hatua ya tatu: nyanyua mdomo wa juu

Hii ni ya dakika moja, mara moja kwa mwezi. Wengi bado mnampeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, basi iwe siku hiyo hiyo. Mpeleke kwenye mwanga wa mlango, mnyanyue mdomo wa juu kwa kidole gumba, utazame meno ya mbele karibu na ufizi. Ukiona mstari mweupe usiong'aa, kama alama ya chaki, jino limeanza kuoza. Hapo bado halijatoboka, na kwa mswaki, floraidi na kupunguza sukari linaweza kusimama hapo hapo. Ukiona rangi ya kahawia au tundu, usingoje liume. Gamba la jino la utoto ni jembamba kuliko la jino la ukubwani, kwa hiyo tundu hukimbilia ndani haraka.

Hatua ya nne: sukari, na saa zake

Tunasema jino limeliwa na mdudu. Mdudu yupo, ila ni bakteria wasioonekana kwa macho. Wanakula sukari, wanatoa asidi, asidi inayeyusha jino. Kila mtoto anapoonja kitu kitamu, asidi hufanya kazi kama nusu saa hivi kabla mate hayajaituliza. Kwa hiyo idadi ya mara ni jambo zito kuliko wingi. Andazi na chai ya sukari saa moja asubuhi, ikaishia hapo, meno yanapumzika. Lakini barafu ya mfuko inayonyonywa kuanzia adhuhuri mpaka alasiri, au ubuyu wa rangi unaomung'unywa mmoja mmoja mchana kutwa, meno hayapati hata saa moja ya kupona.

Uji tukiutia karanga za kusaga una ladha yake, sukari ya nini? Muhogo wa kuchemsha, ming'oko, dafu, samaki, hivyo vyote mpe. Msimu wa korosho bibo naye ale, tena ale lote kwa wakati mmoja na anywe maji juu yake. Korosho na karanga zenyewe haziozeshi meno, lakini mtoto wa chini ya miaka mitano usimpe punje nzima, inaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa. Mtwangie.

Chupa ya juisi au chai ya maziwa yenye sukari kitandani, hapana kabisa. Hiyo ndiyo inayomaliza meno manne ya mbele ya juu kabla mtoto hajafika miaka mitatu, na nimeyaona mengi mno.

Hatua ya tano: siku ya kwanza

Wakati wake ni kabla hajamaliza mwaka mmoja, au ndani ya miezi sita tangu jino la kwanza. Kama ameshapita umri huo, njoo tu, hakuna atakayekufukuza. Hospitali za rufaa za mikoa yetu, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, zina kitengo cha kinywa na meno. Kabla ya kupanda gari kutoka Tandahimba au Liwale, uliza kwanza hospitali ya wilaya yako siku gani tabibu wa meno yupo.

Siku mbili tatu kabla, chezeni nyumbani. Mtoto alale mapajani mwako, afungue mdomo, umhesabie meno kwa sauti ukitumia mpini wa kijiko. Kisha yeye akuhesabie wewe. Mwambie, "Tunakwenda kuhesabiwa meno." Usiseme, "Hutachomwa sindano," kwa sababu huenda hata hajaiwaza, wewe ndiye uliyemletea. Na lile la kumtisha akikataa kula, "Nitakupeleka kwa daktari akung'oe meno," nawaomba tuliache leo hii. Kazi yote hii mnaibomoa kwa sentensi moja.

Siku yenyewe njoo asubuhi, ameshalala vizuri na ameshakula, amepigwa mswaki. Beba kadi ya kliniki, maji, na kitu anachokipenda mkononi. Tabibu atakuuliza mtoto anakula nini, analala na chupa au ziwa, anatumia dawa gani. Hata dawa ya kikohozi ya maji mara nyingi ina sukari, itaje. Anayeshinda na mtoto ndiye bora amlete. Kama ni bibi, bibi aje.

Mtoto mdogo hatumkalishi kwenye kiti kikubwa. Mimi na mama tunakaa tukitazamana, magoti yakigusana, mama amempakata mtoto huku miguu ya mtoto ikimzunguka mama kiuno, kisha tunamlaza kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Anamwona mama muda wote. Ninatumia kioo kidogo na mwanga, basi. Dakika tano tumemaliza. Akilia, usione aibu wala usimpige kofi. Mtoto anayelia ameshafungua mdomo, nami naona mpaka gego la mwisho. Tukimaliza msifie kwa kile alichofanya: "Umefungua mdomo wote!" Usimpe pipi ya pongezi njiani.

Maswali yenu

*Bibi mlezi, Mikindani:* Mjukuu wangu wa miezi saba anaharisha na mwili unachemka. Majirani wanasema ana meno ya plastiki, kuna mtu wa kuyatoa. Nifanyeje?

Shikamoo bibi. Nakuomba kwa moyo wote, usimpeleke. Ule uvimbe mweupe unaouona kwenye ufizi ni jino la chonge likiwa bado changa ndani, kila mtoto analo. Anayelichimbua kwa chuma au spoku ya baiskeli anamwachia mtoto kidonda, damu nyingi, na hatari ya pepopunda na maambukizi mengine, hata virusi vya ukimwi kama chuma kimetoka kwa mtoto mwingine. Watoto wamepoteza maisha kwa jambo hili. Wanaopona wengi hukosa chonge, au jino la ukubwani huota likiwa na kasoro. Kuharisha kuna sababu yake nyingine: maji, chakula, au ugonjwa kama malaria. Mpeleke zahanati leo, wampime, wampe ORS (dawa ya kuchanganya na maji, ya kurudisha maji mwilini) na zinki. Njiani aendelee kunyonya. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani au hakojoi, usingoje kukuche.

*Baba wa mapacha, Nachingwea:* Meno ya utoto si yatang'oka tu? Nauli ya kwenda kuziba jino la kung'oka ninaiona hasara.

Ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka sita, lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka kumi hata kumi na miwili. Gego likitoboka akiwa na miaka minne, unazungumzia miaka sita au zaidi ya kutafuna upande mmoja, kuamka usiku na kukosa shule. Likitoa usaha, linaweza kuharibu jino linalokua chini yake. Likitolewa mapema, jirani zake huegemea pengo na jino jipya hukosa njia, likaota pembeni. Na jambo moja zaidi, kaka: karibu na miaka sita, nyuma kabisa ya magego ya utoto, huota gego jipya bila chochote kung'oka. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Lile ni la maisha, nalo ndilo ninaloliona limeoza mara nyingi kwa watoto wa darasa la pili na la tatu.

*Mama wa mmoja, Masasi:* Wangu ana miaka miwili na anameza dawa ya meno. Niache dawa?

Usiache, punguza. Kiasi cha punje ya mchele akikimeza hakimdhuru. Tyubu kaiweke juu asikoifikia, maana akinyonya dawa nyingi kila siku meno ya ukubwani yanaweza kutoka na madoa.

*Mama anayenyonyesha, Lindi mjini:* Nimeambiwa maziwa yangu ya usiku yanaozesha meno, nimwachishe?

Nyonyesha, dada, mpaka miaka miwili na zaidi. Mpige mswaki kabla ya kulala, na asubuhi akiamka kabla ya uji. Uangalifu uzidi akishapita mwaka mmoja na anakula vitu vitamu mchana. Hapo ndipo lawama ya maziwa inapotokea.

*Mwalimu wa chekechea, Ruangwa:* Mtoto akianguka jino likatoka zima, turudishe?

Kama ni la utoto, hapana, utaumiza la chini yake. Mpe kitambaa safi akiume, kisha aonwe na tabibu. Kama ni la ukubwani, kwa mfano la mbele kwa mtoto wa miaka minane, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga limwagie maziwa au maji kidogo tu, bila kusugua, ulirudishe kwenye tundu lake aume kitambaa. Ukishindwa, litumbukize kwenye maziwa ya ng'ombe baridi. Kisha mbio hospitali, nusu saa ya kwanza ndiyo yenye tumaini kubwa.

*Mama wa watatu, Newala:* Ameamka usiku jino linauma, hospitali mpaka kesho. Nimpe nini?

Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo kama anajua kutema, toa mabaki ya chakula kwa mswaki, mpe parasetamoli ya watoto kwa kipimo cha uzito wake kilichoandikwa kwenye chupa. Usimpe aspirini. Usitie tumbaku wala maji ya betri kwenye tundu, yanaunguza. Akivimba shavu na ana homa, au anashindwa kumeza au kupumua, usisubiri kesho, nendeni usiku huo huo.

*Baba, Kilwa:* Hospitali ya serikali nitalipa kiasi gani kwa mtoto wa miaka mitatu?

Sera ya afya inasema mtoto wa chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Nenda na kadi yake ya kliniki, ioneshe mapokezi kabla hujafungua mkoba.