Jinsi ya kuhesabu waliokufa na vita bado haijaisha

Kwenye grupu letu la WhatsApp hapa Kisumu mtu anatupa namba ya waliokufa kwa vita ya Sudan, mwingine anasema hiyo ni uongo yake ni mara tatu, wanagombana mpaka usiku na hakuna anayeuliza swali la kwanza: ni vifo gani vimehesabiwa? Anzia hapo. Kuna aliyepigwa risasi, halafu kuna mama aliyeshindwa kufika hospitali kujifungua, kuna mzee wa sukari aliyeishiwa na insulini. Watafiti wa London waliangalia jimbo la Khartoum pekee, Aprili 2023 hadi Juni 2024, wakakadiria vifo zaidi ya 61,000 vya kila sababu, na kati yao kama 26,000 ndio waliouawa. Sasa nyinyi wawili mnaweza kugombana na kila mmoja ameshika namba ya ukweli.

Kama wewe ndio unakusanya, kusanya majina. Ukiambiwa "wamekufa ishirini" usijumlishe na ishirini za redio, huenda ni wale wale. Januari 2008, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, nilikuwa Nakuru naandika majina kwa daftari kanisani, watu wamelala mpaka chini ya viti, na kuna kijana tulimwandika mara mbili: mama yake alimtaja kwa jina la ubatizo, wenzake wa stendi wakamtaja kwa jina la utani. Kovu la mkono wa kushoto ndio lilituonyesha ni mtu mmoja. Tangu hapo mimi naandika jina la kitambulisho, la nyumbani, la baba, umri, alama ya mwili, mahali, tarehe, na nani amesema na lini. Ukikosea usifute, piga mstari mmoja ili kisomeke. Tume ya Waki, ile iliyochunguza hizo fujo, ilikuja kuandika vifo 1,133 nchi nzima, na hiyo ni baada ya fujo kutulia, mochari zinafikika. Khartoum wakati wa mapigano hospitali zilikuwa zimefungwa, mtandao umekatwa, watu walikuwa wanazika uani.

Wale ambao hawako kwa orodha yoyote je? Fikiria dimbwi la samaki. Huwezi kumwaga maji yote uhesabu ngege, kwa hivyo unavua 40, unawatia alama, unawarudisha. Kesho unavua 30, unakuta 10 wana alama, yaani thuluthi, basi wale 40 wa jana pia ni kama thuluthi ya wote, dimbwi lina kama 120. Hao wa London walifanya hivyo na orodha tatu za majina, wakaangalia nani anajirudia, na ikaonekana wengi sana hawakuwa kwa orodha hata moja. Lakini kaa macho: kama orodha zako zote zinapata watu wa familia zenye simu na bando, majina yatajirudia sana na jibu litatoka dogo kuliko ukweli.

Ukitoa namba toa ya chini na ya juu pia, Chuo Kikuu cha Uppsala huko Uswidi, wanaohesabu vifo vya vita, hufanya hivyo, na andika imehesabiwa mpaka tarehe gani.

Na mwili usio na jina usiuruke tafadhali. Mpe mstari wake kwa daftari: rangi ya shati, viatu, meno, funguo za mfukoni, ameokotwa wapi, amezikwa wapi. Mama yake anaweza kufika baada ya miaka mitatu.