Somo: Radeon ya zamani kwenye Debian 12, kabla hujachoma bando

Wana Tanga, kompyuta za mtumba zenye kadi ya michoro ya Radeon X1300 bado zinapita mikononi mwa mafundi wa Ngamiani. Ukishaweka Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux), madirisha yanaburuzika na video inakatakata, basi mtu anaanza kusaka draiva mpya mtandaoni. Subiri kwanza. Draiva huria ya kadi hii ina sehemu mbili: radeon, iliyomo kwenye kerneli (kiini cha mfumo), na r300, iliyomo kwenye Mesa (programu huria za kuchora picha). Zote kwa kawaida unazo tayari. Kinachokosekana mara nyingi ni famwea, yaani faili dogo ambalo kadi hupakiwa inapowaka.

Kwanza fungua terminal tujue nani anachora picha za skrini, kadi au prosesa:

sudo apt update
sudo apt install mesa-utils
glxinfo -B

Soma mstari wa OpenGL renderer (OpenGL ni njia ya programu kuagiza picha zichorwe). Ukiona llvmpipe, prosesa ndiyo inayobeba mzigo wote, kadi imekaa tu. Ukiona RV515, yaani jina la chipu ya X1300, kadi inafanya kazi. Fanya full-upgrade tu, hapo chini.

Aliyeona llvmpipe aiulize kerneli:

sudo dmesg | grep -i radeon

Ikilalamika kwamba imeshindwa kupakia radeon/R520_cp.bin, ugonjwa ndio huo. Namba zisikuchanganye, RV515 na R520 ni ukoo mmoja.

Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, famwea zina fungu lake. Fungua /etc/apt/sources.list kwa sudo nano, na kwenye kila mstari unaoanza na deb ongeza non-free-firmware mwishoni, kama haipo. Halafu:

sudo apt update
sudo apt full-upgrade
sudo apt install firmware-amd-graphics
sudo reboot

Hiyo full-upgrade ndiyo inayopandisha kerneli na Mesa kwa pamoja. Kama huna UPS, usiianze mvua ikiwa imetanda. Umeme ukikatika katikati utakesha unarekebisha pakiti.

Ikiwaka, rudia glxinfo -B. Kadi hii inaishia OpenGL 2.1, hata uweke Mesa ya jana. Ndiyo maana kuijenga Mesa mwenyewe kutoka kwenye msimbo, kwa mashine hii, naona ni kujitesa.

MASWALI

Makorora: Shikamoo fundi. Yangu ni Radeon 9200, inafaa?

Jibu: Marahaba. Famwea ni pakiti ileile, ila Mesa 22.0 ya mwaka 2022 iliitoa draiva ya r200, ambayo ndiyo ya kadi yako, ikabaki kwenye tawi la Amber (Mesa ya kadi za zamani). Weka libgl1-amber-dri, kisha hakiki kwa glxinfo -B.

Muheza: Kaka, mashine haina intaneti kabisa.

Jibu: Pakua .deb ya firmware-amd-graphics ya Debian 12 kwenye kompyuta nyingine, ihamishe kwa flashi, halafu ukiwa ndani ya folda hiyo: sudo apt install ./firmware-amd-graphics*.deb

Pongwe: Nina mfumo wa biti 32. Nihamie Debian 13?

Jibu: Debian 13 haina tena kerneli wala kisakinishi cha biti 32. Andika lscpu, mbele ya CPU op-mode(s) ukiona 64-bit, sakinisha upya toleo la amd64, yaani la biti 64. Ukiona 32-bit peke yake, baki na 12.