Chumba cha Lamu ndani ya Minecraft: zoezi la hesabu kwa familia inayofundisha nyumbani

Wanangu wawili, wa miaka 9 na 12, husomea nyumbani, na sehemu kubwa ya hesabu zao za muhula uliopita tumeifanyia ndani ya Minecraft, mchezo wa matofali uliobuniwa Uswidi na kutolewa rasmi mwaka 2011. Mzazi anayeuona kuwa ni upotezaji wa muda na ajue kwamba shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat, lenye makao yake makuu Nairobi, limekuwa likiutumia tangu mwaka 2012 kuwashirikisha wakazi wa miji katika kupanga maeneo ya wazi, na Kibera ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kufikiwa.

Zoezi ninaloeleza hapa huchukua siku tano hivi: kujenga chumba kimoja cha nyumba ya mawe ya Lamu. Nimeichagua Lamu kwa sababu upana wa chumba huko huamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, ambazo hazivuki sana mita 3, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba na virefu. Hivyo mtoto anapewa kipimo chenye sababu.

Hatua ya kwanza: skeli, kifaa kikiwa kimezimwa

Tofali la Minecraft lina mita 1 kila upande. Mwambie mtoto kwamba ukuta wa mawe wa Lamu una unene wa karibu nusu mita, kisha nyamaza. Akigundua mwenyewe kwamba ukuta wake utakuwa mnene maradufu, mtakubaliana kuwa tofali moja lisimame badala ya nusu mita, na kila kipimo kizidishwe kwa 2. Chumba chetu cha mita 3 kwa 8, chenye kuta za kimo cha mita 3.5, kikawa matofali 6 kwa 16, na kimo cha matofali 7.

Hatua ya pili: ramani na hesabu ya ukuta

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo msiharakishe. Chora ramani kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa tofali moja. Nafasi ya ndani ni 6 kwa 16. Ukiongeza ukuta wa tofali moja kila upande, nje ni 8 kwa 18.

Mkubwa wangu alijumlisha pande nne, 8 + 18 + 8 + 18, akapata 52 kwa kila safu, akaandika jibu kwa kujiamini. Mdogo wake, ambaye hajui kanuni ya mzingo, alihesabu miraba kwa kidole akapata 48. Walibishana hadi chai ikapoa. Nilichofanya ni kuwaambia wapake rangi kila upande peke yake, na walipofika pembeni wakaona kwamba tofali la kila pembe limepakwa mara mbili: pembe nne, matofali manne ya ziada. Tukathibitisha kwa njia ya maeneo, 8 × 18 kutoa 6 × 16, yaani 144 kutoa 96, ambayo ni 48. Safu 7 zinahitaji matofali 336, na mlango wa matofali 2 kwa 4 unapunguza 8, yanabaki 328.

Hatua ya tatu: vifaa

Mchezo hupanga matofali katika mafungu ya 64, hivyo kugawanya kwenye baki kunakuja kwenyewe: 328 ni mafungu 5 na matofali 8. Kuta tulizijenga kwa zege jeupe, linalofanana na chokaa. Mchanganyiko mmoja hutumia mchanga 4, kokoto 4 na rangi 1, ukatoa matofali 8 ya unga ambao hugeuka zege ukiguswa na maji. Mwulize mtoto michanganyiko mingapi inahitajika (ni 41), kisha kiasi cha kila kitu. Hilo ni somo zima la uwiano.

Miti ya mikoko imo ndani ya mchezo tangu mwaka 2022. Boriti hulala juu ya kuta mbili, kwa hiyo kila moja ina urefu wa matofali 8. Mkiziweka kwa kuruka nafasi moja, zitaingia 8, yaani magogo 64, fungu moja kamili.

Hatua ya nne: ujenzi

Washeni sehemu inayoonyesha viwianishi, yaani namba za mahali mchezaji alipo (X, Y na Z), na mchague hali ya ubunifu, ambamo vifaa haviishi. Tahadhari moja: ukuta unaoanzia X = 100 na kuishia X = 107 una matofali 8, wala si 7. Siku nzima ya mchezo ni dakika 20, nasi huifanya kuwa zamu. Jua likichomoza tena, kifaa kinahamia kwa mwingine bila mjadala.

Hatua ya tano: mkaguzi

Andikeni majina kwenye vibao: boriti, zidaka (vishubaka vya ukutani), ndani (chumba cha ndani kabisa cha nyumba). Kisha mtafuteni mtu mzima anayezijua nyumba hizo atembezwe chumbani. Mama yangu alivaa miwani, akatazama kioo kwa muda, akauliza, "Wajukuu zangu, mpita njia akichungulia mlangoni si ataona hadi kitandani?" Waliuziba mlango kwa matofali 8, wakatoboa mwingine kwenye pembe ya mbali, na mdogo akakimbilia karatasi kuona kama idadi imebadilika. Ilikuwa 328 ile ile, naye akataka kaka yake aeleze kwa nini.