Somo: Jinsi ya kulalamikia kelele jijini mpaka halmashauri ikusikilize

Wakuu, habari zenu. Kila wiki napata ujumbe uleule: "Jirani anapiga muziki hadi alfajiri, nifanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Mtu aliyekosa usingizi siku tatu mfululizo namjua anavyokuwa, na inaniuma kuona sheria ya kumsaidia ipo lakini ameshindwa kuitumia.

Hatua ya 1. Nenda ukaongee naye, mchana, akiwa hajawasha chochote. Wengi hawajui sauti yao inafika wapi.

Hatua ya 2. Tafuta sheria ndogo ya jiji lako kuhusu kelele. Tafuta humo mambo manne: usiku unahesabiwa kuanzia saa ngapi (miji mingi ni saa 4), mtaa wako umewekwa kundi gani (makazi, biashara, viwanda, au eneo la utulivu kama jirani na hospitali), kipimo kinachukuliwa mahali gani, na vibali anatoa nani. Angalia pia kama imetaja desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) au inasema tu "kelele inayosumbua". Zipo za aina zote mbili, na nyingine zinachanganya. Yenye desibeli itakudai namba. Yenye "kusumbua" itategemea zaidi daftari lako na majirani watakaokubali kusaini.

Hatua ya 3. Daftari. Tarehe, saa ilipoanza, saa ilipokoma, ni sauti ya nini, ulikuwa chumba gani, ilikuzuia nini. Andika usiku uleule, usingoje asubuhi. Wiki mbili zinatosha kuanzia.

Hatua ya 4. Kupima. Hapa ndipo mimi niliharibu, kwa hiyo someni polepole.

Nyuma ya nyumba tuliyopanga palikuwa na ukumbi. Usiku wa tatu bila usingizi nikachukua simu, nikaenda kusimama getini kwao, spika ikiwa hatua kumi mbele yangu. Programu ya kupima sauti ikasoma desibeli 94. Nikapiga picha ya kioo, nikarudi nyumbani nikiamini kesi imekwisha. Afisa wa mazingira aliiangalia ile picha, akaniuliza maswali mawili. La kwanza: "Hapa ulipopimia ni kwako?" Nikasema hapana. La pili: "Na wakizima muziki, kwako panasoma ngapi?" Sikuwa na jibu. Akanirudishia karatasi zangu zote. Ilipita miezi miwili kabla sijarudi na kitu cha maana, na miezi yote hiyo mama yangu, ambaye alikuwa mgonjwa, alilala chumba cha upande wa ukumbi.

Sheria nyingi hupima kelele pale inapomkuta mlalamikaji: mpakani mwa kiwanja chake, dirishani, au chumbani. Nje, mahali pa wazi, sauti ya spika hupungua kama desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili. Kwa hiyo ile 94 ya getini haikusema lolote kuhusu kitanda cha mama.

Halafu pima mara mbili. Mara ya kwanza muziki ukipigwa, mara ya pili umezimwa, mahali palepale, karibu na saa ileile. Kipimo cha pili ndicho watu wanachosahau, na ndicho kinachobeba kesi. Tofauti ikifika desibeli 10 au zaidi, hakuna atakayesingizia magari ya barabarani. Ikiwa chini ya 3, huwezi kuutenganisha muziki na mtaa wenyewe, rudi usiku mwingine.

Tahadhari, na sizirudii:
Toa kava la simu, linaziba maikrofoni. Ukipima nje kaa mbali na ukuta, maana ukuta hurudisha sauti na unaweza kukuongezea desibeli 3 au zaidi. Upepo ukivuma, acha. Pima angalau dakika kumi na uandike wastani. Namba ya juu kabisa iache, mbwa mmoja akibweka inaruka. USIINGIE kwenye kiwanja cha mtu usiku kwa ajili ya kupima. Na simu si kifaa kilichohakikiwa. Namba yake haimtii mtu hatiani, kazi yake ni kumshawishi afisa aje na kipima sauti chake.

Hatua ya 5. Barua, nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.

Hatua ya 6. Omba waje kupima saa ambayo kelele ipo. Daftari lako ndilo litakalowaambia ni saa ngapi.

MASWALI

Kisiki: Mkuu, kwa hiyo kelele mwisho saa ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Kisiki: Nimeuliza tu, ungejibu tu.

Mwandishi: Nikikutajia saa ya jiji langu utaenda kuidai kwenye jiji lako, utaaibika. Soma sheria ya kwenu.

Bwana Mpira: Mchana si ruhusa kupiga unavyotaka? Sheria ni ya usiku.

Mwandishi: Hapana. Mchana kiwango kinakuwa juu zaidi, lakini kipo. Na sheria ya kero haiangalii jua limechwa au bado.

Mdadisi: Asante sana kwa somo. Kitu kimoja sijaelewa: spika moja ikitoa 80, mbili si zitatoa 160?

Mwandishi: Swali zuri sana, na ukilielewa hili hutadanganywa na namba tena. Desibeli hazijumlishwi kama mawe. Spika mbili zinazolingana, kila moja 80, kwa pamoja zinakupa kama 83. Kila unapoongeza 10, nguvu ya sauti inakuwa mara kumi, ingawa sikio linaona kama imezidi mara mbili hivi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "amevuka kiwango kwa 10 tu", hiyo "tu" ni kubwa. Kwa kulinganisha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 unapendekeza kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala isizidi 30. Huo ni ushauri wa kiafya, lakini unaweza kuutaja kwenye barua.

Mdadisi: Na mbona kwangu maneno ya wimbo siyasikii, nasikia "dum dum" tu kifuani, na simu inasoma ndogo?

Mwandishi: Hiyo ni besi. Ukuta unazuia sauti nyembamba, nzito inapenya. Na kipimo cha kawaida, chenye herufi A, hupunguza sauti nzito kwa sababu sikio letu nalo haliisikii vizuri. Kama programu yako ina herufi C, pima kwa zote mbili. C ikiizidi A kwa mbali, kama 15 au 20, tatizo ni besi, na useme hivyo kwenye barua. Ziko sheria zinazoitaja besi peke yake, tafuta kifungu hicho.

Jogoo wa Mjini: Nyie ndio mnafungia watu biashara. Jiji ni jiji, anayetaka kimya arudi shamba.

Mwandishi: Nioneshe ni mstari gani nimesema mtu afungiwe. Ule ukumbi haukufungwa. Waligeuza spika, wakapunguza besi, na wanapiga muziki hadi leo. Mama akapata usingizi. Mgonjwa naye ni mkazi wa jiji.

Mwenye Ukumbi: Mimi niko upande wa pili, nina ukumbi wa sherehe na sitaki ugomvi na majirani. Nianzie wapi?

Mwandishi: Karibu sana, ndugu yangu, natamani wengine wangeuliza hivi. Anza na yasiyo na gharama. Geuza spika zielekee ndani, mgongo wake uangalie upande wenye nyumba za majirani. Usizifunge ukutani wala usiziache sakafuni moja kwa moja, ziweke juu ya mpira mnene, zisitikise jengo. Spika ndogo nyingi zilizosambazwa karibu na wageni ni bora kuliko mbili kubwa mbele, maana hazihitaji kupaza ili mtu wa nyuma asikie. Mlango weka miwili yenye nafasi katikati, mmoja ukifunguliwa mwingine uwe umefungwa. Kisha mwambie fundi akufungie kifaa cha kuzuia sauti isivuke kiwango, DJ asiweze kukigusa. Kipimo chake kipangwe wewe ukiwa umesimama nje, upande wa nyumba ya jirani.

Mama Pacha: Wakati tunasubiri hao maafisa, watoto walale vipi? Nimeweka pazia zito, hakuna tofauti.

Mwandishi: Pole dada. Pazia hupunguza mwangwi wa chumbani, haliwezi kuzuia sauti ya nje. Tafuta upenyo. Usiku zima taa za chumbani, mtu amulike tochi kutoka nje kuzunguka dirisha na mlango. Panapopita mwanga panapita sauti. Ziba hapo kwa mpira wa mlangoni au silikoni, ila acha njia ya hewa upande usio na kelele. Besi haitaisha, lakini vinanda na makelele ya watu vitapungua.

Fundi Redio: Naongezea: ukirekodi, anza kwa kutaja tarehe, saa na mahali kwa sauti yako mwenyewe, kabla hujanyamaza. Faili zikihamishwa tarehe hupotea.

Mwandishi: Hiyo sikuwa naifanya. Asante, naiongeza kwenye hatua ya 3.

Kisiki: Mkuu, nimesoma sheria ya kwetu. Usiku unaanza saa 4, makazi, kipimo ni mpakani mwa kiwanja cha mlalamikaji. Jana nimepima mpakani: 57 wakipiga, 41 walipozima saa 8. Inatosha?

Mwandishi: Umefanya kazi safi. Tofauti ni 16, hakuna atakayesema ni barabara. Rudia usiku mwingine mmoja au miwili, uandike ulisimama wapi na uliacha simu ipime dakika ngapi, ndipo uandike barua. Umetoa kava?

Kisiki: Sikutoa.

Mwandishi: Basi rudia leo bila kava, kwa vipimo vyote viwili.