Kukagua priprinti kwa programu: data wazi na usajili wa majaribio

Mwaka 2020, makala za COVID-19 zilipomiminika kama priprinti, yaani kabla ya kupitiwa na wataalamu, kwenye hifadhi za mtandaoni bioRxiv na medRxiv, kundi la ScreenIT liliunganisha programu kadhaa za kuzikagua. Barzooka husaka grafu za mihimili zinazoficha mtawanyiko wa data, JetFighter husaka rangi za upinde wa mvua, na ODDPub husaka data na msimbo vilivyo wazi. Huhitaji mtambo wote huo. Anza na maswali mawili: data iko wazi, yaani yeyote anaweza kuipata bila kuomba? Jaribio la kitabibu limesajiliwa?

Weka PDF zako kwenye folda moja. Sakinisha poppler ili upate pdftotext, inayogeuza PDF kuwa maandishi, kisha ndani ya R, lugha ya programu ya takwimu, andika devtools::install_github("quest-bih/oddpub"). Endesha pdf_convert kutoa maandishi, pdf_load kuyasoma, halafu open_data_search. Jedwali litakaloibuka lina is_open_data, is_open_code, na sentensi zilizosababisha jibu. Sentensi hizo ndizo mali. Soma hizo kabla ya kuamini ndiyo au hapana.

Kabla ya kwenda mbali, fungua faili chache za maandishi uzisome kwa macho. Makosa mengi huzaliwa hapa. PDF iliyoskaniwa hutoa faili tupu, na faili tupu huhesabiwa "hakuna data" badala ya "haikusomeka", zitenge mapema. Muhuri wa bioRxiv hujirudia kila ukurasa ukiwa na DOI (namba ya kudumu ya utambulisho) ya makala yenyewe, kwa hiyo ruwaza inayotafuta DOI yoyote itadhani imepata hifadhi ya data.

Kwa usajili, tafuta namba za sajili za majaribio: NCT (ya ClinicalTrials.gov, Marekani) ikifuatwa na tarakimu 8, ISRCTN (ya sajili iliyoko Uingereza) na tarakimu 8, na PACTR na tarakimu 15. Hiyo ya mwisho ni sajili ya majaribio ya Afrika. Ukiiacha, jaribio lililosajiliwa huko pekee litaonekana halijasajiliwa. Namba ndefu kama hiyo hukatika mwisho wa mstari, na waandishi wengi huweka namba za mistari pembeni. Ukiunganisha vipande bila kufuta namba hizo, 143 ya pembeni inaingia katikati na tarakimu 15 zinakuwa 18. Futa kwanza namba zinazoanza mistari na kupanda moja moja, ndipo uunganishe.

Kata pia orodha ya marejeo, la sivyo utawapa waandishi usajili wa jaribio la watu wengine. Namba ikipatikana, ifungue kwenye sajili ulinganishe tarehe ya usajili na ya mshiriki wa kwanza. Usajili uliofanyika baada ya jaribio kuanza ni habari nyingine kabisa.

Kisha chukua makala 100 kwa bahati nasibu, watu wawili wazisome kila mmoja peke yake, ulinganishe na programu. Katika upimaji wa waundaji wake uliochapishwa 2020, ODDPub ilinasa takriban asilimia 73 ya makala zenye data wazi, na ilizitambua sawasawa asilimia 97 ya zisizo nazo. Kwa hiyo hupitwa na zaidi ya robo ya makala zenye data wazi. "Data itatolewa kwa maombi" si data wazi, na kiungo kinachofunguka huenda kikaishia kwenye faili lililofungwa, bofya mwenyewe.

Usijumlishe majibu kuwa alama moja. Makala ya nadharia haina jaribio la kusajili, na alama itaiadhibu bure. Ukimwandikia mwandishi, sema "programu haikuona tamko la data", wala si "hukutoa data", na umpe nafasi ya kujibu kabla hujatangaza popote.