Jinsi ya kukadiria rada ya ndege ya kivita kwa kupima pua yake

Wadau, mi kazi yangu ni antena za minara ya simu, sio ndege, ila hesabu ni zile zile, shika kalkuleta twende.

Hatua ya 1. Rada nyingi za hizi ndege ziko bendi ya X, tuchukue gigahezi 10, hapo wimbi moja lina urefu wa sm 3. Antena imejaa moduli, yaani vijirusha-vipokezi vidogo vinavyopindisha mwale bila antena yenyewe kusogea, na zinapangwa kila nusu wimbi, yaani sm 1.5, ukiziachanisha zaidi utapindisha mwale pembeni halafu uone na miale mingine ya uongo inachomoza. Kwa hiyo amplifaya, swichi na takataka zote zijibane kwenye nafasi ambayo hata kizibo cha soda hakienei.

Hatua ya 2. Antena ya duara inayokaa ndani ya pua, yenye kipenyo cha sm 60, ina eneo la sm 2,827 za mraba, gawa kwa 2.25, unapata moduli 1,256. Ya sm 70 inabeba 1,710.

Hatua ya 3, hapa ndo penyewe. Moduli zikiongezeka unapata vitatu kwa mpigo: nguvu ya kurusha inapanda, mwale unakaza, na sikio la kupokea mwangwi linapanuka. Ila umbali wa kuona unakua kwa mzizi wa nne tu wa hivyo vitatu vikizidishwa pamoja. Basi 1,710 gawa kwa 1,256 ni 1.36, izidishe 1.36 x 1.36 x 1.36, halafu bonyeza kitufe cha mzizi mara mbili, inakuja 1.26. Sm 10 tu za pua, umbali umepanda asilimia 26! Kuipata hiyo kwa kuongeza wati za moduli peke yake unahitaji mara 2.5, mi nilirudia hesabu nikidhani nimekosea.

Hatua ya 4, joto. Moduli ya wati 10 yenye ufanisi wa asilimia 30 inakula wati 33, yaani 23 zinabaki joto. Zidisha kwa 1,256, hata ikirusha robo tu ya muda ni kilowati 7 na ushee zimefungiwa puani, ndo maana kuna kimiminika cha kupoza nyuma yake, na ndo maana watu wanahama kutengeneza moduli kwa galiamu asenaidi kwenda galiamu naitraidi, hii ya pili inahimili volti na joto zaidi.

Hatua ya 5. Mwale ukipinda digrii 60, antena ni kama imebaki nusu. Kukwepa hilo, kwenye ndege za kivita Gripen E, na Typhoon yenye rada ya Captor-E, wameinamisha sahani ya antena na kuiweka juu ya mhimili unaozunguka, Captor-E inafika kama digrii 100 kila upande. Sasa wamerudisha mota na beringi, vile vile vitu vya kuchakaa ambavyo antena isiyosogea ilikuja kuviondoa.