Siku moja kwenye magofu ya Roma, na saa kumi na nusu iliyoniponza

Mama yangu mdogo alikuja Roma kuhiji na kikundi cha parokia yao. Ratiba ilikuwa ya makanisa mwanzo mwisho, isipokuwa siku moja ya mapumziko kabla ya kurudi Tanga. Akanipigia: "Mwanangu, makanisa nimeyaona ya kutosha. Nipeleke kwenye yale mawe ya Warumi." Mimi niko hapa mwaka wa sita, wageni nimewazungusha hadi nikajiona fundi. Siku ile ufundi ulinitoka. Nayaandika haya ili wewe usipite nilikopita.

Hatua ya 1: Tiketi (hapa soma pole pole)

Tiketi moja ya kawaida inakuingiza sehemu tatu: Colosseum (uwanja mkubwa wa michezo wa Warumi), Forum (magofu ya kitovu cha mji wa kale) na kilima cha Palatino. Nilipoinunua ilikuwa euro 18. Nunua kwenye tovuti rasmi ya hifadhi yenyewe, Parco archeologico del Colosseo, ambako hufunguliwa siku 30 kabla ya tarehe ya kuingia. Ukikuta bei mara mbili au mara tatu ya hiyo, ujue uko kwa dalali. Tovuti za madalali zinapendeza kuliko ile rasmi, na ndiyo maana watu wananasa. Jumapili ya kwanza ya mwezi kuingia ni bure, lakini foleni yake simwombei mtu.

Sasa jina. Tangu Oktoba 2023 tiketi ya Colosseum ina jina la mtu, na getini wanaweza kulilinganisha na pasipoti. Sisi tuna tabia ya kumwandika mtu tunavyomwita. Kwenye simu yangu mama mdogo ni "Mamdogo Tanga", na jina analotumia kanisani silo lililo kwenye pasipoti. Mwambie mgeni akutumie picha ya ukurasa wa pasipoti, halafu unakili herufi kwa herufi. Fomu inauliza nome na cognome. Cognome ni jina la ukoo, na kwa mwenye majina matatu hapo ndipo pa kubahatisha. Usibahatishe. Tazama ile mistari miwili ya herufi za mashine chini ya picha: jina linaloanza mara tu baada ya TZA (au KEN kwa Mkenya) ndilo la ukoo, na baada ya alama mbili za << yanafuata mengine.

Jina nililipatia. Nikaanguka kwenye saa.

Colosseum unaingia kwa saa uliyochagua. Ukichelewa sana umepoteza, wala hakuna wa kumlilia. Mimi nilichukua 10:30, nikamwandikia mama mdogo: "Tiketi zetu ni saa 10:30, tukutane kwenye Tao la Konstantino." Yeye na mwenzake wa jumuiya walilala kwa masista karibu na stesheni ya Termini, vituo viwili tu kwa treni ya chini ya ardhi, mstari B: Cavour, kisha Colosseo. Njia nilikuwa nimewaonyesha jana yake.

10:15 niko pale taoni, kando ya Colosseum. 10:30 sioni mtu. 10:40 napiga simu.

"Mamdogo, mko wapi?"

"Niko uani nafua. Kwani kuna nini?"

"Tiketi zetu ni sasa hivi!"

"Mwanangu, sasa hivi saa nne na nusu. Si umeandika saa kumi na nusu?"

Niliishiwa maneno. Amezaliwa Tanga, amezeekea Tanga. Ukimwandikia saa 10:30 atasoma saa kumi na nusu alasiri, na yuko sahihi. Aliyepotoka ni mimi, niliyeanza kuhesabu saa za Kizungu na kuzitumia kwa Kiswahili. Walifika karibu saa sita, na Colosseum ikawa imetupita. Nilitafuta nafasi nyingine ya siku ileile hadi kidole kikachoka. Zimeisha.

Kwa hiyo, ukimwandikia mgeni kutoka nyumbani, andika zote mbili: "10:30, yaani SAA NNE NA NUSU ASUBUHI." Za mchana ndizo hatari zaidi. Tiketi za huku huandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 16:30 ndiyo saa kumi na nusu yake, na 14:00 ni saa nane. Usimtumie picha ya tiketi peke yake ukadhani umemaliza. Mpigie, mwambie akurudishie saa kwa mdomo wake mwenyewe. Kama mko wengi, kila mtu arudishe, kwa sababu yule mwenzake wa jumuiya naye alikuwa amesoma vilevile na wala hakushtuka.

Kilichotuokoa ni kwamba upande wa Forum na Palatino haubanwi na saa kama Colosseum. Unaingia ndani ya muda wa tiketi, ila mara moja tu. Ukitoka kwenda kununua maji, umetoka. Hilo nililijua zamani, nilipokwenda kutafuta sandwichi nikaishia nje ya uzio.

Hatua ya 2: Viatu na maji

Raba. Mawe ya barabarani hapa hayajui kisigino. Chukua chupa tupu ya plastiki (ya kioo watakunyang'anya Colosseum) na begi dogo. Mji una mabomba ya chuma yanayotiririsha maji mchana kutwa, bure, salama kunywa. Wenyewe huyaita nasoni, yaani pua kubwa, kwa umbo la mdomo wake. Ziba tundu la chini kwa kidole, maji yatarukia juu kwenye kitundu kidogo, unywe bila kuinama. Mama mdogo alilijaribu mara nne, tatu zikiwa za mchezo tu.

Hatua ya 3: Anza na Palatino, ushukie Forum

Wengi huanza na Colosseum. Mimi nasema hapana. Forum haina kivuli, na saa saba mchana mwezi wa saba unakaangwa. Sisi tuliingia saa hiyo kwa sababu unazozijua. Wewe ingia asubuhi wanapofungua, Colosseum uichukulie saa ya mchana, maana ndani yake kuna vivuli.

Pitia geti la Via di San Gregorio. Foleni huwa fupi kuliko yale ya upande wa barabara kuu, na linakupandisha Palatino kwanza, walikokaa makaisari. Usihangaike na kila ukuta. Nenda hadi bustani za Farnese, simama ukingoni, Forum yote iko chini yako. Hapo ndipo pa kumweleza mgeni nini ni nini, kabla hajazama kati ya nguzo zisizo na majina. Vifaa vya kusikiliza maelezo masikioni sivipendi: watu wanageuka bubu, kila mmoja na dunia yake.

Mkishuka, vitu vitatu vinatosha.

Tao la Tito. Ingia chini yake, tazama ukuta wa ndani: askari wamebeba kinara cha taa saba kutoka hekalu la Yerusalemu, lililobomolewa mwaka 70. Mwenzake mama mdogo alipiga ishara ya msalaba, akakaa kimya muda mrefu.

Hekalu la kaisari Antonino na mkewe Faustina, lililoanza kujengwa mwaka 141. Ndani ya nguzo zake limepachikwa kanisa, na mlango wa kanisa unaning'inia juu hewani, hakuna ngazi inayoufikia. Mama mdogo akauliza, "Waumini walikuwa wanaruka?" Jibu ni udongo. Kwa karne nyingi Forum ilifukiwa na kifusi, ikawa malisho ya ng'ombe, ikiitwa Campo Vaccino. Mlango uliwekwa kufuata usawa wa ardhi ya wakati huo. Wachimbaji walipokuja kuondoa kifusi, ardhi ikashuka na mlango ukabaki. Hapo mgeni anaelewa kwa macho maana ya kuchimba magofu. Mimi huwa napaacha mwisho wa maelezo, kwa sababu baada yake hakuna anayesikiliza tena.

Tao la Septimio Severo, la mwaka 203. Huyu kaisari ni mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo. Watu wa nyumbani hupenda kulisikia hilo, lakini tazama maandishi juu, mstari wa nne. Hapo palikuwa na jina la mwanawe mdogo, Geta. Severo alipofariki mwaka 211, kaka mtu, Caracalla, alimuua Geta mwaka uleule na kuamuru jina lifutwe kila mahali. Walichonga jiwe, wakajaza sifa nyingine mahali pake. Ukikaza macho utaona matundu ya herufi za zamani yasiyolingana na hizi mpya. Ndiyo maana hubeba darubini ndogo.

Hatua ya 4: Colosseum

Fika nusu saa kabla, kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Ilianzishwa na kaisari Vespasiano, ikazinduliwa na mwanawe Tito mwaka 80. Ndani, panda ngazi ya juu kwanza, kisha shuka.

Nje, kuna vijana watakaokuita "Africa! Hakuna matata!" huku wanakufunga bangili mkononi. Bangili ni zawadi hadi iishe kufungwa. Mikono mfukoni. Mama mdogo aliwajibu kwa Kiswahili kirefu cha Tanga, wakakimbia wenyewe.

Hatua ya 5: Kula, kisha Pantheon

Usile pale unapoiona Colosseum. Nenda mtaa wa Monti, pizza ya kukatwa na kupimwa kwa mizani.

Pantheon, hekalu la kale lililogeuzwa kanisa, sasa wageni hulipa (ilipoanza mwaka 2023 ilikuwa euro 5). Kuba lake la zege lina upana wa mita 43 na ushee, bila nondo hata moja, na katikati lina tundu lililo wazi. Mvua inaingia, na sakafu ina vitundu vya kuyatoa maji. Njiani pitia Largo Argentina: karibu na hapo ndipo Julius Caesar alipouawa mwaka 44 kabla ya Kristo, na leo ni makazi ya paka.

Hatua ya 6: Jioni, bure

Panda kilima cha Campidoglio, zunguka nyuma ya jumba la manispaa. Kuna ukingo unaotazama Forum yote jua likizama, na hulipi senti.

Tulisimama pale hadi taa zikawashwa. Mama mdogo alikuwa anamwonyesha mwenzake ule mlango wa hewani kwa kidole, kana kwamba yeye ndiye mwenyeji. Halafu akanigeukia: "Ndege yetu kesho saa ngapi?"

Nikatoa kalamu, nikamwandikia mkononi: 14:20. Chini yake, kwa herufi kubwa: SAA NANE NA DAKIKA ISHIRINI MCHANA.